Mto usiojua uende wapi

Marehemu baba yangu aliendesha lori kati ya Malaba na Arua kwa miaka mingi, na wakati wa likizo za shule alinichukua, nikakaa kati yake na utingo, nikiitazama nchi ikipita. Kila tulipofika kwenye daraja la Mto Kafu, katika barabara ya Kampala kwenda Gulu, aliegesha lori pembeni ili injini ipoe, akashuka, akakata bua la funjo na kulitupa majini. Bua halikwenda popote. Lilizunguka kidogo pale pale lilipoangukia, likaegemea majani, na baada ya muda mrefu ndipo likaanza kusogea taratibu upande wa kulia, yaani mashariki. "Mwanangu," alisema baba, "mto huu haujui uende wapi."

Nilizaliwa na kukulia Walukuba, Jinja, katika nyumba za wafanyakazi, mahali ambapo watoto wa kila kabila walizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowaunganisha wazazi wao. Kwetu neno mto lilikuwa na maana moja tu, nayo ni Naili, maji mengi yanayojua yanakokwenda. Ndiyo maana Kafu ulinishangaza. Nilipokuja kusoma jiografia, na baadaye kuifundisha, nilitambua kwamba baba, ambaye hakuwahi kufungua kitabu cha jiolojia, alikuwa amesema jambo la kweli kabisa. Kafu ni mto uliogeuzwa. Na kwa maoni yangu mtu hawezi kuielewa Uganda, si mito yake tu bali hata mvua yake, baridi yake na mafuriko yake, asipoanza na habari hiyo ya nchi iliyoinuliwa hadi maji yakarudi nyuma.

Zamani sana, kabla Ziwa Viktoria halijakuwapo, mito mikubwa ya sehemu hii ilitoka upande wa nyanda za juu za Kenya ya leo ikaelekea magharibi. Kagera, Katonga na Kafu yote ilipeleka maji yake upande huo. Kisha Bonde la Ufa la Magharibi likaendelea kutanuka: sakafu yake ikazama pale yalipo leo maziwa Albert, Edward na George, na kingo zake zikapanda. Ukingo wa mashariki ulipopanda, kwa mwendo wa polepole ambao hakuna jicho la binadamu lingeuona, uliiinamisha nchi yote iliyokuwa nyuma yake. Maji yaliyozoea kushuka yakakuta mteremko umekuwa mlima. Yakasimama, yakajaza mabonde, na hatimaye yakaanza kurudi yalikotoka. Ziwa Viktoria ni maji hayo yaliyokusanyika katika beseni lililo kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, la magharibi na la mashariki. Umri wake hukadiriwa kuwa takriban miaka 400,000, ambao kwa ziwa ni utoto, na kwa kuwa ni beseni la kuinama wala si ufa, halina kina kirefu: lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kikubwa kabisa ni kiasi cha mita 80, ilhali Ziwa Tanganyika, ambalo limo ndani ya ufa wenyewe, linapita mita 1,400. Takriban miaka 15,000 iliyopita, wakati wa ukame mkubwa, Viktoria lilikauka. Mimi niliyelelewa kando yake huona vigumu kuamini, lakini tope lililochimbwa chini ya ziwa linaonyesha hivyo.

Ushahidi wa mito kugeuka unaonekana kwenye ramani yoyote nzuri. Kijito kinapoingia mto mkubwa, kwa kawaida huungana nao kikiwa kimeelekea upande ule ule unaokwenda mto wenyewe. Vijito kadhaa vya Kafu na Katonga huingia kinyume, mithili ya meno ya ndoana, kana kwamba havijapata habari kuwa mkubwa wao amebadili njia. Tena, kati ya Kafu na Mto Nkusi hakuna kilima kinachogawa maji. Kuna kinamasi cha mafunjo tu, ambacho upande mmoja maji yake hushuka Ziwa Albert kwa jina la Nkusi, na upande wa pili hurudi mashariki kwa jina la Kafu. Bonde ni moja, ni kitanda cha mto mmoja wa kale, ila sasa una majina mawili na vinywa viwili. Katonga nao uko hivyo hivyo: sehemu yake inakwenda Viktoria na sehemu inaelekea Ziwa George, na katikati ni mafunjo.

Ziwa Kyoga ndilo linalonipendeza zaidi katika habari hii. Likitazamwa kutoka juu linafanana na mkono uliotandaza vidole, na vidole hivyo ni mabonde ya mito ya zamani yaliyofurikwa wakati maji yaliporudi nyuma. Kina chake ni mita chache tu, hivi kwamba pepo kali huweza kuhamisha visiwa vya mafunjo kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Naili unatoka Viktoria kwenye mwinuko wa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, unaingia Kyoga kwenye mita 1,033, kisha unaporomoka kwa zaidi ya mita 400 hadi Ziwa Albert. Katika mteremko huo wa pili ndipo mto mzima unapobanwa kwenye mwanya wa mawe wenye upana wa mita saba au nane na kuanguka mita 43 kwenye maporomoko ya Kabalega. Mabwawa yetu makubwa ya umeme, kuanzia Nalubaale la mwaka 1954 hadi Karuma lililozinduliwa mwaka 2024, yote yanatumia ngazi hizo mbili.

Nilikumbushwa haya yote Mei 2023, nilipokuwa natoka Kampala kwenda Masaka kwenye msiba. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa, Katonga ukafurika, ukaharibu barabara kuu penye daraja, na magari yakaelekezwa kuzunguka kwa Kanoni na Sembabule. Safari ya saa mbili ikawa ya mchana kutwa, na tulifika marehemu akiwa amekwisha kuzikwa. Ndani ya teksi mama mmoja aliuliza kwa uchungu, "Katonga ni kinamasi tu, jamani, tangu lini kinamasi kikakata barabara?" Swali lake lilinikaa moyoni. Wengi wetu tunapoona bonde pana lililojaa mafunjo, tunaona mahali pasipo na mto, ardhi isiyotumika inayongoja kufukiwa. Lakini upana wa bonde lile si wa kijito tunachokiona. Ni upana wa mto mkubwa uliokuwa ukipita pale kabla nchi haijainama, na mvua inapokuwa nyingi maji hulikumbuka bonde lake lote.

Kuinuliwa kwa nchi ndiko pia kunakoeleza hewa yetu. Katika barabara hiyo hiyo ya Masaka, pale Kayabwe, kuna alama mbili nyeupe za mviringo zinazoonyesha mstari wa Ikweta, na wageni hushuka kupiga picha wakitarajia joto la kuunguza, kumbe wanakuta upepo mwanana na mtu aliyevaa sweta asubuhi. Hewa hupoteza takriban nyuzi 6.5 za joto kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Sehemu kubwa ya Uganda ni uwanda wa juu wa mita 1,000 hadi 1,300, kwa hiyo tumepunguziwa nyuzi saba au nane ambazo Ikweta ilitudai. Entebbe joto la mchana huwa nyuzi 26 au 27 karibu mwaka mzima, na tofauti ya usiku na mchana ni kubwa kuliko tofauti ya Januari na Julai. Kabale, iliyo karibu na mita 1,900, usiku wa Julai huweza kushuka hadi nyuzi kumi hivi, ukungu ukalala bondeni hadi saa tatu asubuhi. Mahali pa joto kali panapatikana pale tu nchi ilipozama, yaani kwenye sakafu ya Bonde la Ufa na kandokando ya Naili wa Albert kuelekea Nimule mpakani mwa Sudan Kusini, ambako mwinuko ni mita 620 hivi. Baba alikuwa akifungua vioo vyote viwili vya lori tulipokaribia Pakwach, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Ziwa nalo linajitengenezea mvua yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kuja bara, na mawingu yakajikusanya juu yetu alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, hewa baridi huteremka kutoka pande zote za ufuko kuelekea katikati ya ziwa, ikakutana pale juu ya maji yenye uvuguvugu na kuupandisha mvuke. Ndiyo sababu dhoruba kali za Viktoria hutokea usiku na alfajiri, wakati ule ule ambao wavuvi wako majini, na visiwa vya Ssese hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, huku nyanda za malisho za Isingiro, si mbali sana magharibi yake, zikiambulia chini ya milimita 1,000. Sehemu iliyo kubwa ya maji yanayoingia ziwani haitoki mitoni bali huanguka moja kwa moja kama mvua juu ya ziwa, na sehemu iliyo kubwa ya yanayotoka haipiti Jinja bali hupaa kama mvuke. Mizani hiyo ni nyepesi kuyumba. Mvua za mwishoni mwa 2019, zilizochochewa na kupata joto kwa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, zililijaza ziwa hadi kipimo cha Jinja kikafika mita 13.42 Mei 2020, sentimita moja juu ya rekodi ya mwaka 1964. Aprili mwaka huo kisiwa cha mafunjo kilichong'oka kilielea hadi bwawani Jinja kikaziba mitambo, na nchi ikaingia gizani. Nyumba za watu niliowafahamu kule Masese ziliingiwa na maji, na wengine hawakurudi tena.

Radi ni mtoto wa mfumo huo huo. Tororo, ambako baba alipenda kulala safari inapochelewa, ilihesabiwa kati ya mwaka 1967 na 1976 kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, idadi inayopatikana mahali pachache mno duniani. Juni 2011 radi iliwaua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo wakiwa na mwalimu wao. Tangu hapo mimi sianzi kipindi darasani wakati ngurumo iko karibu. Nawakusanya watoto mbali na kuta na milango, na somo linangoja.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu lugha yetu. Kiswahili kilizaliwa pwani, na majina yake ya majira ni ya pwani: masika, vuli, kiangazi, kipupwe, kaskazi na kusi. Bibi yangu mzaa baba, aliyetoka Tanga, aliyatumia yote pale Jinja, na mengi yalifaa, kwa sababu kusini mwa Uganda kuna misimu miwili ya mvua kama ilivyo pwani. Kwa kuwa Ikweta inatupitia, jua hutupita juu ya vichwa mara mbili kwa mwaka, na ukanda wa mvua unaolifuata jua hutupita mara mbili nao. Majirani zetu Waganda wanaiita mvua ya Machi hadi Mei ttoggo, na ile ya Septemba hadi Novemba au Desemba ddumbi, maneno ambayo mkulima wa maharage anayatamka kwa uzito wa mtu anayetaja tarehe ya kulipa deni. Lakini neno masika linashindwa kabisa mara mtu anapovuka Karuma kwenda kaskazini. Gulu haina masika na vuli. Ina msimu mmoja mrefu, kuanzia Aprili hadi Oktoba au Novemba, unaolegea kidogo Juni kisha kupata nguvu tena, na Agosti, ambayo kwetu bibi aliihesabu bado kuwa kipupwe, kule ni kilele cha mvua, kwa sababu ukanda ule uko kaskazini na hewa yenye unyevu inafika kutoka upande wa Kongo. Kisha inakuja Desemba hadi Februari, nyasi zinakauka, mioto inawashwa, na jua linakuwa jekundu kwa vumbi. Mtangazaji anaposema redioni kwamba "mvua za masika zimeanza nchini", mkulima wa Gulu na mkulima wa Masaka wanaambiwa jambo moja ambalo kwa mmojawao si la kweli, na mbegu zikioza au kukauka hazirudi ghalani.

Karamoja ni habari nyingine. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hupita kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kama maji yanayopita kwenye mfereji mwembamba, zikaenda kasi bila kupanda, na hewa isiyopanda hainyeshi. Wakati wa kiangazi mito ya kule ni mchanga mtupu, na wafugaji huchimba humo visima vya mkono na kuhamishia ng'ombe magharibi kuelekea Teso na Lango.

Nimeiacha Rwenzori nyuma kwa makusudi, kwa kuwa nikianza nayo siwezi kuacha. Watu wengi hudhani ni volkeno kama Muhabura au Elgon, lakini sivyo. Ni pande la miamba ya kale sana lililosukumwa juu wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likizama kando yake, kama kigae kinachopandishwa pale vingine vinapodidimia. Lina urefu wa kilomita 120 hivi, na kilele chake cha Margherita kwenye Mlima Stanley kina mita 5,109, kikiwa kimesimama karibu kabisa na Ikweta na barafu juu yake. Ni mfano mkubwa kuliko yote wa kuinuliwa ninakokuzungumzia. Mawingu yenye unyevu hugonga miteremko yake, yakapanda, yakapoa na kumwaga mvua karibu kila siku, ndiyo maana mlima hauonekani. Nilipelekwa Kasese mara tatu utotoni nisione chochote ila ukuta wa wingu. Mara ya nne, nikiwa na miaka kumi na minne, baba aliniamsha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akanielekeza juu zaidi ya mahali nilipotazamia, na pale palikuwa na weupe. Ulidumu labda robo saa.

Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kileleni mwaka 1906, barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 6.5. Mwaka 2003 ilipimwa na kukutwa haifiki kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua. Barafu hii haikuwa chanzo kikubwa cha maji ya mito, kwani mvua ndiyo inayoilisha mito hiyo, kwa hiyo Mto Mubuku hautakauka siku barafu itakapokwisha. Hata hivyo nina huzuni ambayo sioni sababu ya kuificha: watoto ninaowafundisha huenda wakaamshwa asubuhi kama nilivyoamshwa mimi, wakaelekezwa juu, na pasiwe na kitu. Mteremko ule mkali unaoivuta mvua pia unaiteremsha upesi. Mei 2020 Nyamwamba na mito mingine ya Kasese ilibeba mawe makubwa kuliko magari na kuyaacha katikati ya Kilembe. Upande wa pili wa nchi, kwenye Elgon, volkeno iliyozimika yenye kilele cha Wagagai cha mita 4,321, majivu ya kale yamegeuka udongo mzito wenye rutuba unaoota kahawa nzuri, lakini ukilowa kupita kiasi kwenye mteremko mkali huteleza kipande kizima. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi huko Bududa kilifunikwa, na wengi waliokuwa chini yake hawakupatikana.

Kwa hiyo mafunjo si jambo dogo katika nchi ya namna hii. Maji yanayoshuka kwa kasi kutoka kingo zilizoinuka hufika kwenye mabonde yaliyoinama, na pale mafunjo huyashika, huyachuja na kuyaachia kidogo kidogo. Mwaka 1994 ardhi oevu ilihesabiwa kuwa 15.6% ya nchi. Kufikia mwaka 2008 ilikuwa 10.9%, na upungufu haujakoma. Nimeona mchanga ukichimbwa, mpunga ukilimwa hadi katikati ya kitanda cha maji, na maghala yakijengwa juu ya kifusi. Simlaumu mkulima wa mpunga, ana watoto wa kusomesha. Namlaumu anayejua ramani na bado anatia saini.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye daraja la Kafu, nikawagawia kila mmoja bua la funjo. Walitupa, wakangoja, wakaanza kulalamika kwamba hayasogei, nami nikawasimulia habari ya mto uliokuwa ukielekea kushoto. Msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kama nchi iliinama ikageuza mto, haiwezi kuinama tena?" Nikamwambia kwamba bado inainama. Tetemeko la Machi 1966 kule Toro, lililoua watu na kubomoa nyumba hadi Bundibugyo, lilikuwa ni ukingo ule ule wa Bonde la Ufa ukijongea, na haujamaliza. Alitazama tena bua lake, ambalo lilikuwa bado halijaondoka penye kivuli cha daraja, akaniomba tubaki dakika tano zaidi.